Pete ya kinga na mulango wake wa sabuni

Vijana wa atelie yangu ya chuma, siku ile mulinipa kiti cha plastiki chenye mikono, mukanipigia makofi, mukasema Koko Masika sasa apumzike. Aksanti. Kiti ni kizuri. Nimekikalia hapa Lac Vert, kwa mutoto wangu Kambale, na nikiwa hapa naona mulango wa garaji na ile pete ya chini ambayo ninyi wenyewe mulikuja kuiweka, ya kufungia kinga. Kinga ni baiskeli, na koko ni mama muzee, kama kuna mugeni atakayesoma. Pete muliiweka vizuri. Beto, yaani zege, haijapasuka. Lakini mulifanya kosa moja, na si kosa la mikono. Nusura linimeze mimi, na wengine pamoja nami.

Sitalisema kwanza. Nitaanza mbali, kwa sababu ninyi munapenda kujua pa kupiga nyundo, hamupendi kujua kwa nini.

Shule nilifika mwaka wa pili, kule kwetu karibu na Butembo, halafu baba akasema kalamu haipalilii maharage. Kwa hiyo musinisahihishe.

Nilifika Goma nikiwa na Kambale mugongoni na bwana wangu tumeshamuzika. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walivuka mupaka, wengi hata rangi ya barabara haikuonekana. Kila mutu alikuwa anatafuta maji. Mimi nilikuwa natafuta kazi, na hapo mulangoni kwa Muzee Serugendo nikasimama, kwa sababu ndipo palipokuwa na moto na kelele za chuma, na mahali penye kelele kuna kazi.

Muzee Serugendo alikuwa mutu wa Kalengera, kule kwenye njia ya Rutshuru. Mufupi, mikono kama mizizi, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Hakuacha kupiga nyundo.

"Unajua nini?"

"Kubeba."

"Kubeba kila mutu anajua. Unajua kuosha muchanga?"

"Muchanga unaoshwa?"

"Basi hujui. Anza kesho."

Nilianza siku ileile, kwa sababu kesho sikuwa na uhakika nayo.

Muchanga wetu wa Goma ni mweusi, wa volkano, na una vumbi kama unga. Vumbi hilo likiingia katika sima, saruji yetu, beto inakuwa biskuti. Kwa hiyo unauosha, unamwaga, unauosha tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Na maji yenyewe nilikuwa nayabeba kutoka ziwani kwa kichwa. Nikiwa pale nainama, watu wanapita na midomo imekauka, mwanamuke mumoja akasimama, akanitazama, akasema polepole: "Mama, na huo muchanga wenu utapewa na chakula?"

Nikampa maji. Muzee aliona. Asubuhi iliyofuata nilikuta bidoni moja ya maji imewekwa kando, na yeye akasema, mugongo umenigeukia: "Ile si ya muchanga." Bidoni ile ilikaa hapo miaka yote niliyofanya naye. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, zaidi kwa mugongo kuliko kwa mudomo.

Wateja wengine walinivuta pembeni. "Huyu muzee ni mutu wa wapi?" Miaka ile swali hilo lilikuwa na meno. Nilikuwa najibu: "Ni mutu wa nyundo." Wakiendelea kuuliza, nawamwagia maji ya muchanga karibu na viatu.

Tulikuwa tunatengeneza milango na vitanda vya chuma. Pete zilikuja kwa sababu ya wezi. Wakati ule kinga ilikuwa ni maji, ilikuwa ni makala ya kupikia, ilikuwa ni mugonjwa wa kupeleka hospitali. Mutu anaweza kulala njaa, lakini kinga inalala ndani ya nyumba, na mutoto anasogezwa. Ndipo wenye nyumba wakaanza kusema: Muzee, tuwekee chuma chini katika garaji, tufunge. Musifikiri garaji ni ya gari. Katika Goma garaji ni ya maharage, ya kinga, na ya mutoto wa ndugu yako aliyefika jana.

Sasa sikilizeni namna tulivyoweka, maana nimeona wengine wenu munaanza kuharakisha.

Kwanza Muzee alikuwa anapiga magoti na kugonga sakafu kwa nyundo ndogo, sehemu kwa sehemu, sikio limeinama, kama mutu anabisha hodi kwa jirani asiyempenda. Hapa chini yetu ni makoro, jiwe la volkano, na makoro ni mwongo. Juu ni gumu, ndani lina vyumba. Ukiweka pete juu ya chumba, siku moja mwizi anavuta, na pete inatoka na kipande cha jiwe chake kama jino na fizi. Mahali palipolia kavu na fupi, hapo ndipo alipoweka alama ya makala. Palipolia kama ngoma, alisogea.

Kisha tunachimba shimo kwa nyundo na patasi. Shimo lenye mudomo mwembamba na tumbo pana, kama chungu. Sima ikikauka ndani ya tumbo, haiwezi kupita mudomoni. Ndani tunashusha miguu ya chuma, tumeikunja nje kama miguu ya chura. Juu yanabaki masikio mawili ya chuma kinene, na kati ya masikio unapita msumari munene wa kukaza na nati, sisi tunauita bulo. Mnyororo wa kinga unapita nyuma ya bulo. Kabla ya kumwaga sima unaosha shimo, unapuliza vumbi, unaloanisha jiwe. Kisha unafunika kwa gunia lenye maji, na unamuambia mwenye nyumba asiguse. Atagusa. Kwa hiyo unaweka jiwe kubwa juu na kumuambia kwamba chini kuna dawa. Hiyo haikuwa ya Muzee, niliongeza mimi.

Na nati? Nati ndiyo siri, na ninyi munaijua. Nati tunaizamisha ndani ya kipande kifupi cha tiyo, bomba la chuma, ili mwizi asipate pa kuishika. Halafu mudomo wa ile tiyo tunauziba na sabuni ya kufulia, tumeikanda na vumbi la sima na kutu kidogo. Ikikauka, utaapa ni beto. Lakini mutu anayejua anachokonoa kwa musumari, sabuni inatoka, anaingiza kle ya gurudumu, spana ile ya tiyo ambayo kila mwenye kinga anayo, kwa sababu tulichagua nati ya kipimo kilekile. Anazungusha, anasukuma bulo, na mnyororo uko huru. Kadena, kufuli lenyewe, inabaki imefungwa, hakuna neno. Kinga inaondoka na mnyororo wake kama mbwa aliyekata kamba.

Nilimuuliza Muzee juu ya nini anasumbuka hivyo. Akaniambia kwamba kule kwao, katika vita ndogo ya zamani ambayo hata redio haikuisema, kulikuwa na mugonjwa mumoja, kinga ya kumbeba ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, na ufunguo ulikuwa katika mufuko wa mutu aliyekuwa shambani. Alisema tu: "Mwizi anakuja akijua saa. Vita haina saa. Pete lazima ikatae huyu, na imuachilie yule anayekimbia."

Mwenye nyumba hatukumwambia. Wanaume wa wakati ule walikuwa na ulimi mwepesi. Akionja pombe ya kasiksi kidogo kwa rafiki, kesho mutaa wote unajua Goma kuna pete zinazoliwa na sabuni. Muzee alikuwa anatafuta mutu muzee kuliko wote nyumbani, yule asiyetoka, anaomba maji ya kunywa, anakaa naye, na anamuambia yeye. Mutu muzee hana pa kupeleka siri, alikuwa anasema. Hilo ndilo tuliloamini.

Sasa nafika Himbi, mutaa wa Goma.

Kulikuwa na Papa Kasereka, muchuuzi wa maharage, alikuwa anayanunua Kalengera na kuyashusha Goma. Alikuwa na kinga mbili, moja ya safari na moja ya nyumbani, nyeusi, yenye kiti cha nyuma kipana. Ile ya nyumbani ndiyo aliyotaka kuifunga, kwa sababu shemeji yake aliiazima siku moja akairudisha maharage yameshavunwa, na haina kengele. Ufunguo wa kadena Papa Kasereka aliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria, na alikuwa akienda safari navyo vyote viwili.

Siku tuliyochimba, mama yake alikaa juu ya gunia la maharage akitutazama. Tulimwita Koko Kahindo. Mwanamuke mukubwa wa mwili, miguu imevimba, hakuweza kutembea kufika hata kanisani, na padri ndiye aliyekuwa anamletea komunyo. Lakini ulimi wake ulitembea.

"Munachimba kaburi la nani, dogo hivi?"

"La mwizi, mama," Muzee akasema.

"Ongezeni kidogo. Wezi wa Himbi banakula vizuri."

Tulipomaliza, Muzee akaomba maji, akainama karibu na sikio lake, akamuambia habari ya sabuni. Koko alisikiliza hadi mwisho. "Mie naoga na kipande kama ukucha," akasema, "na ninyi munazika kipande kizima." Lakini nilimwona anaitazama ile pete tena, akilini anaiweka mahali.

Vita ilikuja asubuhi, maharage yakiwa motoni. Kwanza risasi mbali, upande wa uwanja wa ndege, halafu zile nzito zinazotikisa masufuria. Muzee alimwaga maji juu ya moto wa atelie, akafunga, akanipa nyundo ndogo nibebe. Watu wote walikuwa wameelekea njia ya Sake, magodoro juu ya vichwa, kuku ndani ya makoti. Muzee alitangulia na bibi yake, nikabaki nyuma na Kambale mugongoni.

Nilipofika Himbi, penye mulango wa Papa Kasereka, nikasikia chuma kinapigwa. Si risasi. Mutu alikuwa anagonga, anapumzika, anagonga tena. Nikaingia.

Mama Furaha, bibi wa Papa Kasereka, alikuwa amepiga magoti garajini na jiwe mukononi, anapiga kadena. Alikuwa na mimba kubwa. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama penye mulango, wamefungwa kanga kiunoni mumoja kwa mwengine wasipotee. Bwana yuko Kalengera, na ufunguo uko shingoni mwake. Jiwe lilikuwa limemukata vidole, na kadena haikuwa na hata alama.

Koko Kahindo alikuwa kwenye kiti chake, kitenge kizuri, rozari mukononi, kama mutu anayengojea kupigwa picha.

"Muambie huyu aende," akaniambia. "Niko namuambia tangu asubuhi, hasikii."

"Mama, nitakuacha namna gani?" Mama Furaha hakugeuka. "Kasereka akirudi ataniuliza mama yangu iko wapi, nitajibu nini?"

"Utamuambia nilikataa. Ananijua."

"Mama."

"Mie na kinga tumefungwa pamoja. Tutachungana."

Kulikuwa na risasi moja karibu, watoto wakalia. Mimi nilikuwa namtazama Koko. Alikuwa hajasahau. Mutu aliyesahau ana macho yanayotafuta, na macho yake hayakuwa yanatafuta kitu, yalikuwa yametulia juu yangu. Ndipo nikaelewa. Kama kinga ingefunguka, wangempandisha, wangemusukuma katikati ya watu wote wale, mwanamuke mwenye mimba na watoto wawili, polepole, na risasi nyuma. Bila yeye wangekimbia. Kwa hiyo alikuwa ameketi juu ya siri yetu kama kuku juu ya yai.

"Masika," akasema, sauti ya chini. "Weye pita. Njia yako ni ndefu."

Sikufikiri sana. Ningefikiri, ningepita.

"Mama Furaha, kle ya gurudumu iko wapi?"

"Ni kadena iliyofungwa, Masika, si gurudumu."

"Lete kle."

Nikachokonoa kwa musumari. Sabuni ikatoka vipande vipande, na harufu ya kufua nguo ikajaa garaji ile, siku ambayo hakuna mutu Goma aliyekuwa anafua. Mama Furaha akaacha jiwe. Nati ilikuwa imekaza, nikaegemea kwa uzito wangu na wa Kambale, ikalia, ikazunguka. Nikasukuma bulo kwa nyundo ya Muzee. Mnyororo ukaanguka.

Mama Furaha alinitazama, akamutazama mama mukwe wake.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimesahau," Koko akasema.

"Mama, weye unajua jina la kila mutoto aliyebatizwa Himbi."

Tukamupandisha. Alikuwa muzito, na alijifanya muzito zaidi. "Nani alikuita, weye mutoto wa muchanga?" akaniambia sikioni, nimemukumbatia kiunoni. "Nani alikuita hapa?" Mama Furaha akashika mbele, mimi nikasukuma nyuma, na watoto wakashika kiti. Mnyororo ulikuwa unaburuta makoro, kla, kla, kla, hata watu mbele yetu waligeuka wakifikiri ni wafungwa wanapita. Koko akawaambia: "Ni mimi mufungwa. Endeni."

Tulifika huku, Lac Vert, ambako Muzee alikuwa amesimama kando ya njia akihesabu nyuso. Alitazama mnyororo, akavua kofia, akaivaa tena.

Papa Kasereka alitukuta siku kadhaa baadaye, amepita porini, viatu vimekwisha. Alimushika mama yake mikono yote miwili kwa muda mrefu. Halafu akaona mnyororo, na kadena yake bado imefungwa, nzima. Akatoa ufunguo shingoni, akaifungua pale pale katikati ya watu, polepole, kama mutu anayefungua mulango wa nyumba isiyo na kuta.

"Muzee," akasema kisha, "uliniwekea pete iliyo na mulango?"

"Na nyumba yako iko na mulango, papa. Uliwahi kulalamika?"

Papa Kasereka alifikiri, akacheka, halafu akalia, na sisi tukatazama ziwa.

Tuliporudi mujini, nyumba yao wezi walikuwa wameimaliza, hata milango. Pete peke yake ilibaki chini, masikio wazi.

Jioni moja nilimuambia Muzee namna ilivyokuwa kweli: kwamba Koko alijua na alinyamaza. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini na hakukichukua tena.

"Tulimuambia mutu ambaye hana haraka," akasema.

Tangu siku ile tukabadilisha. Siri tunamupa mutu muzee, kwa sababu haiuzi na haisahau. Lakini tunamupa na mutu wa pili, mwenye mutoto mugongoni. Huyo hawezi kunyamaza. Kama hakuna mwenye mutoto, yule atakayekuwa naye. Watu wawili, siku ileile, kabla sima haijakauka. Muzee hakunifundisha kitu kingine kikubwa kuliko hiki, na hata hiki tulifundishwa na mama aliyetaka tumuache.

Koko Kahindo alinikasirikia muda murefu. Mutoto wa Mama Furaha alizaliwa, wakampa yeye ambebe, na bado alikuwa amenikasirikia. Nikipita Himbi alikuwa anaita toka ndani: "Weye wa sabuni! Pita upesi, usinifungue tena!" Halafu ananituma mutoto na sahani ya maharage. Alikufa kitandani mwake, wamemuzunguka wote, akiwaelekeza namna ya kupanga viti.

Baadaye volkano ilishuka, ikapita juu ya atelie yetu, ikaifunika na tiyo na sabuni yote. Wengi wenu mulikuwa bado kuzaliwa. Jiwe lilipopoa tulirudi kujenga juu yake, na watu wakasema sasa sakafu ya Goma ni jiwe tupu, pete itashika popote. Muzee, mugongo umeshaanza kupinda, akapiga magoti, akagonga, akatikisa kichwa. Jiwe jipya lilikuwa na vyumba vingi kuliko la zamani. Aliyeharakisha aliweka pete yake juu ya hewa. Tulikwenda nyumba kwa nyumba tukitoa pete za mafundi wengine kwa mikono mitupu, na hiyo nakiri ilitufurahisha.

Muzee alirudi Kalengera kuzeeka karibu na ndizi zake. Habari ya kufa kwake ilinikuta huku, na njia ilikuwa imefungwa na vita nyingine, sikufika kumuzika. Nyundo ndogo ilibaki kwangu. Nikaendesha kazi, mukaja ninyi mumoja mumoja, munajua kila kitu. Niliwaoshesha muchanga. Mulilalamika. Mulizoea.

Sasa nafika kwenye kosa lenu.

Muliponiwekea pete hapa kwa Kambale, mulifanya yote. Muligonga, mulisikiliza, tumbo la shimo lilikuwa pana, sabuni muliikanda vizuri. Mukanitazama mukacheka, mukasema: "Koko anajua yote." Mukaenda. Hamukumuambia mutu wa pili. Neema, bibi wa Kambale, alikuwa pale pale anaanika nguo, mutoto mugongoni, na mulipita mbele yake mukamusalimia. Mulimuacha kwa heshima yangu. Na mimi nikanyamaza, nikasema watamuambia kesho.

Kesho hiyo munaijua, mulikuwa munakimbia na ninyi. Milio ilitoka upande wa Sake safari hii, kwa hiyo watu walikuwa wanakuja mujini badala ya kutoka. Kambale alikuwa ameshapanda Kalengera kutafuta mizigo, ufunguo wa kadena mufukoni. Miguu yangu munaijua. Neema alikuwa amepiga magoti garajini na nyundo ndogo ya Muzee, anapiga kadena, na mutoto mugongoni anaruka kila akipiga.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti chenu.

Nataka muelewe vizuri, ndiyo sababu nimeandika. Sikuogopa. Nilitulia. Nilimwona namna angeweza kukimbia bila mimi, mwepesi, mutoto mumoja tu, na jambo hilo lilionekana zuri na rahisi, kama kuweka mzigo chini. Mudomo wangu ukafunguka wenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Neema, nenda. Mie na kinga tutachungana."

Nikaisikia. Miaka yote ile, na maneno yalikuwa yaleyale, kana kwamba alikuwa ameniachia. Neema hakugeuka, alipiga tena, na damu ilikuwa imeshaanza kwenye vidole vyake.

Kwa hiyo, vijana, watu wawili. Na mumoja awe na mutoto mugongoni. Hata kama mutu muzee wa nyumba ni fundi wa pete, hata kama ndiye aliyewafundisha. Huyo ndiye wa kumuogopa kuliko wote.

"Weka nyundo chini," nikasema. "Lete kle ya gurudumu."

"Koko, ni kadena."

"Lete kle. Na musumari."

Nikamuonyesha kwa kidole, akachokonoa. Sabuni ikatoka. Alifanya kazi safi, nitasema hivyo, nati ilizunguka mara ya kwanza. Mnyororo ukaanguka, Neema akabaki amechuchumaa na bulo mukononi, ananitazama.

"Koko. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Nipandishe," nikasema, "na sukuma kinga."